SOMO LA WAFANYAKAZI: MANENO YA MGENI YASIWE AMRI KATIKA KOMPYUTA YA MISHAHARA

Zamani daftari la mishahara lilikaa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikaa mfukoni mwa karani mkuu. Mtu aliyetaka kulisoma au kulibadili hakuwa na budi kuingia ofisini kwa miguu yake, mbele ya macho ya watu. Leo, katika maofisi mengi ya Bujumbura, daftari hilo limo ndani ya kompyuta. Mshahara unaandikwa humo, makato ya INSS na kodi ya OBR yanahesabiwa humo, na fedha zinapelekwa benki au kwenye simu kutoka humo humo. Jambo hili limetupunguzia foleni, wala hatulipingi. Lakini daftari la kompyuta lina mlango usioonekana kwa macho. Mlango huo ukiachwa wazi, wa kwanza kuumia ni yule ambaye jina lake limeandikwa ndani.

Somo letu la leo linahusu kosa moja tu katika programu za namna hiyo. Ni kosa la zamani, linajulikana sana, na dawa yake ipo. Tunalieleza kwa lugha nyepesi ili kila mjumbe wa sendika, awe karani, mwalimu, dereva au mchukuzi wa bandarini, aweze kumwuliza mwajiri swali la maana.

1. Seva ni nini?

Unapofungua ukurasa wa kampuni katika simu au katika kompyuta ya mezani, unachokiona ni dirisha tu. Kazi yenyewe hufanywa na kompyuta nyingine iliyo mbali, ambayo huitwa seva. Seva hupokea maneno uliyoyaandika dirishani, huyapeleka kwenye daftari kubwa liitwalo hifadhidata, huleta jibu, kisha hukurudishia.

Tunaweza kuifananisha na ghala. Dirisha ni kaunta ya mbele, seva ni mtunza ghala, na hifadhidata ni mali iliyopangwa kwenye rafu. Wewe huingii ndani. Wewe unaandika haja yako katika karatasi, na mtunza ghala ndiye anayekwenda kuchukua.

Sasa tuseme meneja ameandaa karatasi zenye maneno haya: “Mpe mwenye karatasi hii mifuko ya saruji ______.” Mteja anatakiwa aandike idadi tu katika nafasi iliyo wazi. Lakini mteja mmoja anaandika: “miwili, pamoja na funguo zote za ghala.” Mtunza ghala mwenye akili atacheka na kumwita askari, kwa sababu anaujua mwandiko wa meneja na ameona kwamba maneno ya mwisho ni ya mteja. Kompyuta haijui mwandiko. Kwake, maneno yote yaliyomo katika karatasi ni amri moja. Itatoa mifuko miwili, na funguo itazitoa pia.

Hilo ndilo kosa lenyewe: programu imechanganya amri ya mwenye kazi na maneno ya mgeni katika karatasi moja, na seva ikatii yote.

2. Kosa linavyotokea

Hifadhidata nyingi huamrishwa kwa lugha iitwayo SQL. Tukiiandika kwa Kiswahili, amri ya kutafuta mshahara inaweza kuwa hivi:

Leta mshahara wa mfanyakazi ambaye jina lake ni '______'

Zile alama mbili ndogo ni ritifaa. Zinaiambia mashine: jina linaanzia hapa na linaishia hapa. Mfanyakazi akiandika Daudi, amri inakuwa: jina lake ni 'Daudi'. Mambo ni sawa.

Lakini mwizi haandiki jina. Anaandika: x' au '1' = '1

Programu inayatia maneno hayo katika nafasi iliyo wazi bila kuyatazama, na amri inakuwa hivi:

Leta mshahara wa mfanyakazi ambaye jina lake ni 'x' au '1' = '1'

Ritifaa ya mwizi imelifunga jina kabla ya wakati wake, na maneno yanayofuata yamegeuka kuwa sehemu ya amri. Moja ni sawa na moja siku zote. Kwa hiyo sharti linatimia kwa kila mfanyakazi, na mashine inaleta mishahara ya kampuni nzima. Kwa njia hiyo hiyo, pale ambapo seva imepewa uwezo mkubwa mno, mwizi anaweza kubadilisha namba za akaunti au kufuta daftari zima.

Kosa hili lilielezwa wazi mwezi Desemba 1998 na Mmarekani Jeff Forristal katika jarida la Phrack, toleo la 54. Ni zaidi ya robo karne sasa, na bado linaonekana katika programu mpya.

3. Kwa nini kuchuja maneno hakutoshi

Watengenezaji wengi wa programu, wakishaambiwa habari hii, hukimbilia chujio. Husema: “Tutaziondoa alama mbaya na maneno mabaya kabla hayajafika kwenye hifadhidata.” Inaonekana kama busara. Tutazame vizuri.

Kwanza, chujio huumiza watu wema. Tukikataza ritifaa, tumemkataza ndugu yetu aitwaye Ng'ang'a kuandika jina lake. Akiandikwa “Nganga” katika daftari la mishahara wakati benki inamjua kwa jina la Ng'ang'a, malipo yake yanaweza kurudishwa, na yeye ndiye atakayezunguka maofisini kueleza. Mwenzetu anayefanya kazi Boulevard de l'Uprona naye hawezi kuandika anwani yake, kwa kuwa Kifaransa nacho kimejaa ritifaa. Tukiamua kuliondoa neno “au” popote linapoonekana, Paulo anakuwa “Plo” na Daudi anakuwa “Ddi”. Hawa hawakuiba kitu.

Pili, chujio halimzuii mwizi. Tuseme programu huliondoa neno “au” mara moja, kisha hupitisha yanayobaki. Mwizi anaandika “aauu”. Chujio linaliondoa “au” lililo katikati, na herufi mbili zilizobaki, ya mwanzo na ya mwisho, zinaungana na kuwa “au”. Chujio lenyewe limemtengenezea mwizi neno alilolitaka!

Tatu, nafasi nyingine hazihitaji hata ritifaa. Fomu inapouliza namba ya mfanyakazi, mara nyingi namba haiwekwi ndani ya ritifaa. Mwizi ataandika: 7 au 1 = 1. Chujio la ritifaa halioni kitu cha kuondoa.

Yapo mambo ya kweli yaliyoonyesha udhaifu huu dunia nzima. Mwezi Desemba 2021 kulitangazwa kosa katika Log4j, kipande cha programu kilichoandikwa kwa lugha ya Java. Kazi yake ni ndogo tu: kuandika kumbukumbu za yanayotokea katika seva. Lakini kipande hicho kilikuwa kikiyasoma maneno kabla ya kuyaandika. Kikikuta alama fulani, kiliweza kwenda katika anwani iliyotajwa mle na kuleta programu ya mtu asiyejulikana. Aliyelipeleka kosa hilo kwa shirika la Apache, tarehe 24 Novemba 2021, alikuwa Chen Zhaojun wa kampuni ya Alibaba. Kwa kuwa Log4j imo ndani ya programu nyingi mno, maofisi ya nchi nyingi yalikesha.

Wengine walijaribu kujilinda kwa kulikataza neno “jndi”, ambalo lilikuwa ndani ya amri hiyo mbaya. Wavamizi wakazitenga herufi zake kwa alama nyingine, hata neno likawa linaungana tu baada ya kulipita chujio. Ulinzi wa kweli ulikuja kwa kubadilisha Log4j yenyewe: toleo la 2.16, lililotoka mwezi huo huo, liliuondoa kabisa ule uwezo wa kuyageuza maneno ya kumbukumbu kuwa amri.

Hatusemi kwamba chujio litupwe. Linaweza kusaidia kwa siku chache mpaka tengenezo lipatikane. Tunasema lisiitwe ukuta, maana ni pazia tu.

4. Ukaguzi wa dirishani na ukaguzi wa ndani

Kuna udanganyifu mwingine ambao wajumbe wetu wanaweza kuukuta. Mwajiri anawaonyesha fomu, anaandika herufi mahali pa namba, na fomu inakataa kwa maandishi mekundu. Anasema: “Mnaona? Tumelindwa.”

Ukaguzi huo umefanyika dirishani, yaani katika simu au kompyuta ya anayeandika. Unamsaidia karani aliyekosea kidole, na kwa hilo ni mzuri. Lakini mwizi hapiti dirishani. Anaweza kutengeneza ujumbe wake mwenyewe na kuupeleka moja kwa moja kwenye seva bila kuigusa fomu. Ni kama kumweka askari katika lango la mbele huku ghala lina mlango wa nyuma. Kwa hiyo kila neno lazima likaguliwe tena ndani ya seva, hata kama limekwisha kukaguliwa nje.

5. Dawa

Dawa ya kwanza, na kubwa kuliko zote, ni kutenganisha amri na maneno. Programu huituma amri kwanza, ikiwa na nafasi tupu, na hifadhidata huisoma na kuifunga. Baadaye ndipo maneno ya mgeni hupelekwa peke yake, kama barua ndani ya bahasha. Hifadhidata imekwisha kujua kwamba kilichomo ndani ya bahasha ni jina tu, hata kiandikwe nini. Ng'ang'a ataandika jina lake kamili na atalipwa. Mwizi ataandika maneno yake yote, na mashine itajibu kwamba hakuna mfanyakazi mwenye jina la namna hiyo. Njia hii huitwa amri iliyotayarishwa. Imo katika lugha zote kubwa za programu, kama Java, PHP na Python, na hailipiwi.

Dawa ya pili ni kutaja kinachoruhusiwa, badala ya kuorodhesha kilichokatazwa. Mambo mabaya hayana mwisho, lakini namba ya mfanyakazi ni tarakimu tu, na tarehe ina siku, mwezi na mwaka. Kisichofanana na hivyo kikataliwe, kisirekebishwe.

Dawa ya tatu ni kuupunguza uwezo. Sehemu ya programu inayosoma mishahara isiwe na ruhusa ya kuifuta. Mtu wa kusoma apewe ufunguo wa kusoma.

Dawa ya nne ni kutia viraka mapema na kuzifunga kurasa za zamani zisizotumika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

6. Yaliyowapata wengine

Uingereza, mwezi Oktoba 2015, kampuni ya simu ya TalkTalk ilivamiwa kwa njia ile ile ya SQL tuliyoieleza. Habari za wateja 156,959 zilichukuliwa, na kati yao 15,656 zilikuwa na namba za akaunti za benki. Wavamizi walipita katika kurasa za zamani ambazo kampuni ilizirithi ilipoinunua biashara ya Tiscali mwaka 2009. Kiraka cha hifadhidata hiyo kilikuwa kimetolewa zaidi ya miaka mitatu kabla. Mwaka 2016 TalkTalk ilitozwa faini ya pauni 400,000, na kijana wa miaka 17 alikiri makosa yake mahakamani.

Marekani, mwaka 2017, ilikuwa zamu ya Equifax, kampuni inayotunza habari za mikopo ya watu. Kosa lilikuwa katika programu ya seva iitwayo Struts: maneno yaliyofika mwanzoni mwa ujumbe wa mgeni yalisomwa kama amri. Kiraka kilitangazwa mwezi Machi. Wavamizi waliingia mwezi Mei na kukaa humo mpaka Julai. Watu wapatao milioni 147 waliathirika.

Mwezi Mei 2023 yakaja yanayotugusa sisi wafanyakazi kabisa. Programu ya kusafirisha mafaili iitwayo MOVEit, ya kampuni ya Progress Software, ilikutwa na kosa la SQL. Miongoni mwa walioitumia ilikuwa Zellis, kampuni ya Uingereza inayowafanyia waajiri wengine kazi ya mishahara. Kwa hiyo habari za wafanyakazi wa BBC, British Airways na maduka ya dawa ya Boots zilichukuliwa. Wafanyakazi hao hawakuitumia MOVEit, na wengi hawakujua kwamba kuna kitu cha jina hilo. Mwajiri wao alimpa kazi mwingine, mwingine naye akatumia programu ya wa tatu, na ufa ulikuwa kwa huyo wa tatu.

7. Nani abebe mzigo wa lawama?

Tarehe 3 Oktoba 2017, aliyekuwa mkuu wa Equifax, Richard Smith, aliliambia Bunge la Marekani kwamba mtu mmoja katika kampuni hakufikisha habari ya kile kiraka kwa waliopaswa kukitia. Kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi, yenye habari za mamilioni ya watu, na mzigo ukawekwa begani mwa mtu mmoja! Mwezi Desemba 2018 kamati ya Baraza la Wawakilishi ilitoa taarifa yake, ikasema jambo lile lingeweza kuzuiwa kabisa, na ikaonyesha udhaifu wa uongozi na wa mitambo iliyochakaa.

Ndugu wafanyakazi, hapo ndipo penye somo kwa sendika. Fedha au habari zinapopotea katika kompyuta, anayekamatwa kwanza mara nyingi ni karani aliyekuwa zamu, kwa sababu jina lake ndilo linaloonekana. Hatusemi kwamba mfanyakazi hana wajibu. Mtu anayeigawa namba yake ya siri amekosa. Lakini kosa tulilolieleza leo haliwezi kufanywa wala kuzuiwa na karani wa kaunta. Linatokana na jinsi programu ilivyoandikwa, ilivyonunuliwa na ilivyotunzwa. Hata mwenzetu anayeandika programu mara nyingi huijua dawa, ila amepewa wiki mbili kwa kazi ya miezi miwili, na hakupewa mtu wa kumkagulia.

Basi, katika mazungumzo na waajiri, tunapendekeza wajumbe wadai mambo haya:

(a) Mwajiri aeleze kwa maandishi ni habari gani za wafanyakazi zimewekwa katika kompyuta, na ni kampuni gani nyingine zinazozishika.

(b) Programu ya mishahara ikaguliwe na watu wasioiandika, kabla ya kuanza kutumika na baada ya kila badiliko kubwa. Swali la kuuliza ni fupi: “Je, kila amri ya hifadhidata ni amri iliyotayarishwa, au mnachuja maneno tu?”

(c) Awepo mtu mwenye kazi ya kutia viraka, awe na msaidizi, na kazi hiyo ihesabiwe katika saa zake za kulipwa.

(d) Habari zikiibwa, wafanyakazi waambiwe upesi. Kenya, mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina sheria ya mwaka 2019 inayomtaka mtunza habari atoe taarifa kwa Kamishna ndani ya saa 72. Ni kipimo kizuri cha kukitaja mezani.

(e) Mfanyakazi asikatwe mshahara wala kufukuzwa kwa sababu ya wizi wa kompyuta kabla uchunguzi wa kiufundi haujakamilika, na mjumbe wa wafanyakazi awemo katika uchunguzi huo.

Kwa upande wetu, kila mtu atunze nakala ya karatasi yake ya mshahara ya kila mwezi. Daftari la kompyuta likibadilishwa, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako.

Tena tunatoa onyo. Pasiwe na mtu wa kujaribu alama hizi katika kompyuta ya mwajiri, ya benki au ya serikali, hata kwa nia njema. Burundi ina sheria ya mwaka 2022 ya kuzuia na kuadhibu makosa ya kompyuta, na kuingia bila ruhusa ni kosa. Ukiandika jina lako halali lenye ritifaa, na mashine ikakujibu kwa maneno ya ajabu yanayotaja SQL au hifadhidata, hiyo ni dalili ya ufa. Simama hapo. Andika tarehe, saa na ukurasa, umwarifu msimamizi wako na mjumbe wa sendika.

8. Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika mahali petu pa kazi, daftari la mishahara liko katika kompyuta ya nani? Je, kuna kampuni ya pili au ya tatu inayolishika?

2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe tofauti kati ya kuchuja maneno na kutenganisha amri na maneno. Tumia mfano wa ghala.

3. Kwa nini ukaguzi wa dirishani peke yake hautoshi?

4. Kama fedha zingepotea leo katika kompyuta ya ofisi yetu, nani angelaumiwa kwanza? Je, ni haki? Mkataba wetu unasemaje?

Tunawaomba wasimamizi wa vikundi walisome somo hili kwa sauti, wapumzike baada ya sehemu ya tatu, na wamwachie kila mmoja nafasi ya kuuliza. Majibu ya swali la nne yaandikwe na kukabidhiwa kwa mjumbe wenu, maana hayo ndiyo yatakayopelekwa mezani.